Gemu la mkononi, betri ya laptopu na mafundi wa Ngamiani

Seti ya kuundia gemu la mkononi hufika Tanga ikiwa na karibu kila kitu isipokuwa betri. Kompyuta ndogo ipo, kioo kipo, vitufe vimo kwenye kifuko chake, skrubu zimetimia, lakini pale maelekezo yanaposema "sasa chomeka betri" hakuna cha kuchomeka. Si uchoyo wa muuzaji. Tangu Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limezuia betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa sababu zikishika moto angani kuzizima ni kazi kubwa. Mwenzetu wa London anatoka nje na kununua betri mtaa wa pili. Sisi inabidi tuitafute kwa njia zetu.

Naanza na betri kwa sababu ndiyo iliyotuelekeza namna ya kuifanya kazi nzima. Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu wa kidato cha pili, na fundi simu mmoja wa Ngamiani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinitengenezea simu na redio za nyumbani. Tulipotoka kutafuta betri mjini, tukaona kuwa vitu vingi vilivyokuwa ndani ya seti vina ndugu zao hapa hapa Tanga, kwenye madroo ya mafundi na maduka ya vipuri vya magari. Tukakubaliana kwamba kila tutakapofika njia panda tuchukue kile ambacho kikiharibika kinatengenezeka mjini, hata kama cha kuagiza ni kizuri zaidi kwenye karatasi. Uamuzi huo ulitupa kifaa kinene kuliko cha kwenye picha ya boksi. Ulitupa pia kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo, nitakifikia.

Mimi nimekulia Ngamiani, kwenye barabara zile zenye namba badala ya majina. Utotoni kwangu vibanda vya gemu vilikuwa na TV moja, mashine ya plastiki, pedi mbili za waya, na kaseti ya njano iliyoandikwa ina maelfu ya gemu, ambazo ukizipitia unakuta ni zilezile chache zimerudiwa kwa majina mengine. Unalipa, unacheza, ukifa unampisha mwenzako. Sisi wasichana tulisimama mlangoni. Hakuna aliyetufukuza, ila zamu haikutufikia, na jua likianza kuzama tunaitwa nyumbani kusaidia jikoni. Nilizijua gemu zile kwa macho na masikio. Muziki wake ninao kichwani hadi leo, sauti kwa sauti. Mpwa wangu ni msichana wa kufungua vitu kwa bisibisi kuona kilichomo, na nilitaka apate kitu cha aina hiyo ambacho ni chake, akifungue atakavyo, asisubiri zamu ya mtu.

Kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi Zero 2 W, bodi ya milimita 65 kwa 30 iliyotoka Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15 huko kwao. Waliobuni Raspberry Pi, kina Eben Upton wa Cambridge, Uingereza, walitoa ya kwanza Februari 2012 wakitaka vijana wapate kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Hii yetu ina chipu ya viini vinne vya gigahezi 1 na kumbukumbu ya megabaiti 512. Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983 ambayo zile za vibandani zilikuwa nakala zake, ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Ukigawanya, bodi hii ndogo ina mara 262,144 ya ile. Usidhani ni anasa. Programu ya kuigiza mashine ya zamani haichezi gemu moja kwa moja. Inajifanya kuwa ile chipu ya zamani, hatua kwa hatua, pamoja na chipu ya picha na ya sauti zilizokuwa zikifanya kazi kandokando yake, na yote hayo lazima yamalizike kabla picha inayofuata haijahitajika.

Bei ya huku haiwi dola 15, hilo lijue mapema. Bodi ikishapita bandarini na kwenye mikono ya watu wawili watatu Dar es Salaam, inaongezeka. Uliza zaidi ya duka moja, kisha itumwe kwa basi.

Turudi kwenye betri. Fundi wangu ana droo iliyojaa betri za laptopu zilizokufa, na betri ya laptopu ikifa mara nyingi haifi yote. Ndani ya zile nene za zamani kuna seli za mviringo zinazoitwa 18650, kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu 65. Zimepangwa jozi jozi, na jozi moja ikichoka, bodi ya ulinzi huizima pakiti nzima. Mwenye laptopu anaitupa ikiwa na seli nne nzima ndani yake.

Aliifungua mbele yetu. Bisibisi bapa ilipita kwenye mshono wa plastiki polepole, bila kuzama, kwa sababu seli ikitobolewa ni moto. Kisha akavikata vibati vya nikeli vinavyoziunganisha, kimoja kimoja, koleo likiwa limevishwa mpira, na kila alipokata alifunika ncha kwa selotepu kabla ya kugusa nyingine. Mpwa wangu akashika mita na kusoma. Zilizosoma chini ya volti 2.5 zilitengwa bila mjadala. Seli iliyoshuka hivyo imeshaharibika ndani na kuilazimisha kuchaji ni kutafuta balaa. Iliyovimba au yenye kutu kwenye kifuniko nayo ilitengwa. Zilizobaki zikachajiwa hadi volti 4.2, tukaziacha zikae siku kadhaa bila kutumika, tukapima tena.

"Mwalimu, hizi mbili zimekaa," fundi akaniambia. "Hiyo nyingine achana nayo, inavuja."

Tukachukua hizo mbili na kuziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, baada ya kuhakikisha zinasoma volti sawa. Zikitofautiana, yenye nyingi inaimwagia mwenzake kwa kasi na zote zinachemka. Bodi ndogo ya kuchajia yenye chipu ya TP4056, ambayo mafundi wengi wanayo, inatoa ampea 1. Seli mbili zikigawana, kila moja inapata nusu ampea, kasi ambayo seli iliyokwisha kutumika inaistahimili. Ukitaka kutumia seli moja tu, basi ipunguze kasi hiyo. Kando ya chipu kuna rezista ndogo ya kiloomu 1.2 ndiyo inayopanga kasi hiyo; ukiweka ya kiloomu 2 mkondo unashuka hadi miliampea 580 hivi. Fundi yeyote mwenye bloa atakubadilishia ukiwa umesimama.

Hesabu ya muda wa kucheza tuliifanya mezani na mpwa wangu, maana ni fizikia ileile ninayoifundisha darasani na hapo alikuwa na sababu ya kuitaka. Seli mbili za miliampea-saa 2,000 ni 4,000. Zidisha kwa volti 3.7, unapata wati-saa 14.8. Kompyuta inataka volti 5, kwa hiyo kati yake na betri kuna bodi ya kupandisha volti, na hapo asilimia kumi hivi inapotea kama joto. Zimebaki wati-saa 13 na ushei. Kifaa chetu kikiwa kimewaka na kulia kinakula kama wati 3. Zaidi ya saa nne, basi, kwa betri iliyokuwa inaelekea jalalani.

Hiyo bodi ya kupandisha volti ina skrubu ndogo ya kurekebishia. Ipime kwa mita na uiweke kwenye 5 kabla hujaigusisha na kompyuta, kwa sababu inaweza kuja ikiwa imewekwa juu zaidi na ukaunguza bodi yako ya kungoja miezi. Chini nako kuna mpaka: volti zikipungua kufika 4.63, Raspberry Pi inakuonyesha alama ya radi kwenye kona ya kioo. Ukiiona, usiipuuze, waya wako ni mwembamba mno au betri imekwisha. Na bodi ya TP4056 haikuundwa kuchaji na kulisha kifaa kwa wakati mmoja, kwani mkondo unaokwenda kwenye gemu unaifanya isijue seli imejaa lini. Tuliweka swichi ya kuteleza ya njia mbili: huku unacheza, kule unachaji.

Sasa kioo, na hapa ndipo tulipojadiliana sana.

Kioo kilichokuja na seti ni kidogo na kizuri, inchi 2.8, nukta 320 kwa 240, chipu yake ILI9341. Shida yake iko kwenye njia ya kupitishia picha. Nukta 76,800, kila moja biti 16, ni biti 1,228,800 kwa picha moja. Njia hiyo, iitwayo SPI, hupitisha biti moja baada ya nyingine; ikikimbia megahezi 32, unapata picha 26 kwa sekunde, na gemu zile zinataka 50 au 60. Kuna programu iitwayo fbcp-ili9341, kazi ya Jukka Jylänki, inayolikwepa tatizo hili kwa akili kubwa: badala ya kutuma picha nzima, inalinganisha na iliyopita na kutuma nukta zilizobadilika tu. Kwenye gemu nyingi za zamani sehemu kubwa ya kioo haibadiliki kati ya picha na picha, kwa hiyo inatosha. Inafanya kazi, nimeijaribu, na namheshimu aliyeiandika. Lakini kioo hicho kikipasuka, na kifaa cha mtoto kitaanguka tu, hakuna duka Tanga lenye kingine. Ni kuagiza nje na kungoja.

Fundi ndiye aliyesema twende kwenye vipuri vya magari. Maduka hayo yanauza vioo vidogo vya kamera ya kurudia nyuma, vya inchi 4.3, na ukiharibu kimoja unakwenda kununua kingine mchana huohuo. Vioo hivyo vinapokea picha ya TV ya kizamani kwa waya mmoja wa ishara na mmoja wa hasi. Na Raspberry Pi Zero 2 W, pamoja na udogo wake, bado ina sehemu ndogo ya shaba inayotoa picha ya namna hiyo. Waya mbili. Pini zote nyingine zinabaki huru kwa ajili ya vitufe.

Cha gari kinataka volti 12, sisi tuna 5. Alikifungua, akafuata njia ya umeme kwa mita kuanzia waya mwekundu, kupita kwenye kapasita nene, hadi kwenye chipu ya kushusha volti. Akaweka ncha ya mita kwenye mguu wake wa kutokea. Ikasoma 5. Hicho ndicho kioo chenyewe kinachokitumia. Hizo 12 ni za gari tu. Akaing'oa chipu ile kwa bloa, akausafisha mguu wa shaba kwa spiriti na mswaki, akaunganisha volti 5 zetu palepale. Vioo vingine vinatumia volti tofauti hapo ndani, kwa hiyo usikate chochote kabla ya kupima chako. Chetu kiliwaka.

Mtu anayejua mambo haya atasema picha ya waya mmoja ni ya ukungu ukilinganisha na ya SPI. Ni kweli, maandishi madogo hayasomeki vizuri. Lakini gemu zenyewe zilichorwa na watu waliojua zitaonyeshwa kwenye TV za aina hiyo. Wachoraji wa Mega Drive, mashine ya Sega ya mwaka 1988, walipanga nukta za rangi mbili zikipishana wakijua waya wa TV utazichanganya na mtazamaji ataona rangi ya tatu, au maji yanayoonyesha kilicho nyuma yake. Kwenye kioo kikali unaona mistari mitupu. Kwenye kioo cha gari, maji yanakuwa maji.

Halafu kikatokea kile nilichosema sikukitarajia.

Tulipakia RetroPie, mkusanyiko wa programu za kuigiza mashine za zamani, kwenye memori kadi, toleo la 4.8 la mwaka 2022 ambalo linaitambua bodi hii, na ndani yake ipo FCEUmm, programu inayoigiza Famicom. Nilichagua gemu moja ya vibandani. Ikaanza, picha nzuri, na muziki ukapiga. Haukuwa muziki wangu. Noti zilikuwa zilezile, ila ulikuwa unakimbia kana kwamba mtu anaharakisha kuumaliza. Mpwa wangu hakuona kasoro, kwake ndio mara ya kwanza. Mimi nilijua sio, na nilitaka kujua kwa nini.

Jibu liko kwenye TV. Famicom ya Japani iliendeshwa kwa picha 60 kwa sekunde, na gemu hupimia mwendo wake kwa picha: kila picha moja, hatua moja ya mchezo na hatua moja ya muziki. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50. Mashine za nakala zilizouzwa kwenye nchi za PAL zilitengenezwa ziende 50, lakini saa ya ndani ikaachwa karibu na ile ya Japani, kwa hiyo noti zikabaki zilezile na mwendo ukapungua kwa sehemu moja ya sita. Ule muziki wa taratibu tuliosikia mlangoni ulikuwa ndio muziki wa nchi zetu. Nakala za aina hiyo zilipata umaarufu mkubwa Urusi kwa jina la Dendy, na waandishi wa FCEUmm wamezikumbuka: kwenye mipangilio, mahali pa kuchagua eneo, mbali na NTSC, mfumo wa TV za Japani wa picha 60, na PAL, kuna Dendy.

Nikachagua Dendy. Kwenye faili la mipangilio la Raspberry Pi nikaandika sdtv_mode=2, yaani toa picha ya PAL. Kioo cha gari kinapokea PAL bila shida. Sasa programu inatengeneza picha 50, kompyuta inatoa 50, kioo kinaonyesha 50, hakuna inayorukwa wala kurudiwa. Muziki ukapiga, na ulikuwa wenyewe. Nilikaa nikausikiliza hadi mwisho bila kugusa kitufe. Kile kioo kizuri cha seti, pamoja na ukali wake wote, kisingenipa hili kwa ulinganifu huo. Limetoka kwenye duka la vipuri vya magari.

Vitufe vilikuwa kazi nyepesi. Kila kitufe kina pini yake upande mmoja na hasi upande wa pili. Pini inashikiliwa juu na rezista iliyomo ndani ya chipu, ukibonyeza inashuka kuwa sifuri. Mstari mmoja wa dtoverlay=gpio-key kwa kila kitufe unatosha kuuambia mfumo kuwa hiyo ni herufi fulani ya kibodi, bila programu ya ziada. Vitufe vya milimita 6 kwa 6 ni vilevile vilivyo kwenye uso wa deki mbovu za DVD, na deki mbovu hazijawahi kuadimika mjini hapa. Kitufe kimoja tulikiunganisha kwenye GPIO 3 kwa sababu pini hiyo ina sifa ya pekee: kompyuta ikiwa imezimwa, kuigusisha na hasi kunaiamsha, na kwa dtoverlay=gpio-shutdown kitufe hichohicho kinaizima kwa adabu. Usikate umeme ghafla wakati inaandika kwenye memori kadi. Kadi inavurugika na unaanza upya.

Sauti: bodi haina tundu la spika, kwa hiyo ishara inatolewa kwenye pini, inachujwa kwa rezista na kapasita, inakwenda kwenye kikuzaji kidogo cha PAM8403. Spika ni ya redio.

Kuna adui mmoja ambaye maelekezo ya seti hayamtaji, kwa sababu walioyaandika hawakai pwani. Hewa ya Tanga ina chumvi. Shaba iliyoachwa wazi inaota ukijani, kitufe kinaanza kukataa, halafu siku moja waya unang'oka wenyewe. Baada ya kuchomelea tulisafisha mabaki yote ya pesti kwa spiriti, maana pesti iliyobaki huvuta unyevu, kisha tukapaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila kiungo, tukiacha sehemu za kuchomekea. Mpwa wangu alileta yake. Ukitaka kurekebisha kiungo baadaye, asetoni inaitoa.

Kasha ni la mbao, kazi ya seremala, na uso wake ni plastiki ngumu tuliyokatiwa kwa watengeneza mabango. Nilisisitiza matundu ya hewa nyuma na nafasi kati ya kompyuta na seli. Chipu ya Raspberry Pi ikifika nyuzi 80 inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na kwa joto letu la Februari haiko mbali na hapo ikifungiwa. Seli nazo hazipendi joto. Kuhusu rangi ya mbao nisingependa kusema mengi, seremala na mpwa wangu walielewana wenyewe.

Niseme kuhusu gemu zenyewe, kwa sababu nimeona watu wengi wanalipita jambo hili kimya. Gemu ya mwaka 1985 bado ina mwenyewe. Kuzeeka hakuifanyi kuwa mali ya umma, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA ya kuisimamia. Memori kadi zinazouzwa zikiwa na maelfu ya gemu ni zilezile kaseti za njano za utoto wangu, zimebadilisha umbo tu. Ninachopendelea ni gemu mpya ambazo watu wanaziandika leo kwa ajili ya mashine za zamani na kuzitoa bure kwa hiari yao. Ni nyingi, na baadhi ni nzuri kuliko za wakati ule. Na kuna njia iliyo bora zaidi kwa mtoto, ambayo ni kuandika yake.

Mpwa wangu anatumia GB Studio, programu ya bure ya Chris Maltby, inayokuwezesha kutengeneza gemu ya Game Boy bila kuandika msimbo. Game Boy, gemu la mkononi la Nintendo, ilitoka Japani Aprili 1989. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, vivuli vinne, basi. Picha yote inajengwa kwa vigae vya nukta 8 kwa 8, ishirini kwa upana na kumi na nane kwa urefu. Hakuna mbwembwe za picha za kujificha nyuma yake. Mtoto anakaa na kuamua kila nukta, na anajua kila nukta ipo kwa sababu gani. Nimefundisha kompyuta kwa vitabu na kwa ubao, sijawahi kuona uelewa unaingia haraka namna hii.

Gemu yake ni ya mpanda baiskeli anayepeleka mikate Ngamiani. Mtaa wenyewe kama umechorwa kwa ajili ya Game Boy: barabara zimenyooka, zinakatana kwa pembe sawa, zina namba. Unapewa mkate na kuambiwa Barabara ya Tisa, unahesabu makutano, ukikosea mkate unapoa na mwenye nyumba anakusema. Maneno ya mwenye nyumba ndiyo yaliyomsumbua. Ukitoa fremu, mstari mmoja unabeba herufi 18. "Ungenicheleweshea chai" inazidi, inabidi ivunjwe katikati. Siku nzima aliandika na kufuta, akitafuta sentensi fupi zenye ukali uleule, na alipokuja kunisomea nilisikia kabisa sauti za mama zetu wa mtaani.

"Shangazi, hii ni herufi 17," ananiambia, "na bado amekasirika."

Kwenye kifaa chetu Game Boy ina kasoro ndogo ambayo ni vyema uijue kama utafuata njia yetu. Yenyewe inakwenda picha 59.7 kwa sekunde, kioo chetu cha PAL 50, kwa hiyo karibu picha kumi zinaachwa kila sekunde. Kwenye gemu ya baiskeli mwendo ni wa polepole, huioni. Kwenye gemu ya kasi utaona kama inasitasita. Ukitaka iende laini, weka sdtv_mode=0, yaani NTSC, na uwashe upya; kioo cha gari kinapokea na mfumo huo. Sisi tumebaki na 2, kwa sababu ninazozijua.

Sasa anahangaika na nafasi. Kumbukumbu ya picha ya Game Boy inabeba vigae 384 kwa wakati mmoja, na herufi, baiskeli, nyumba na watu wote wanagombania humo. Ameamua milango yote ya Barabara ya Kumi na Mbili ifanane, ili abakize vigae vya kuchora soko la Mgandini na mwembe wa kwa bibi yake. Fundi naye ameomba awekwe kwenye gemu, akiwa kibandani kwake, akubali kuziba pancha ingawa yeye ni wa simu. Likizo ijayo tunaunda kifaa cha pili, cha rafiki yake wa darasani. Seli zimeshapatikana na zinapimwa, kioo cha gari kimeshanunuliwa, na safari hii chuma cha kuchomelea atashika yeye.